Nasibu Katika Njia ya Unyanyembe

Kwa muda mrefu sasa imekuwa desturi kwamba utamaduni wa taifa unapotajwa, watu hufikiria ngoma, mashairi, vinyago na hadithi za wazee. Mambo hayo ni utamaduni, wala hapana mwenye akili atakayebisha. Lakini nyuma ya desturi hiyo imejificha kasumba moja ambayo twaona haina budi kupigwa vita: kasumba ya kudhani kwamba kucheza ni kwetu na kuhesabu ni kwao, kwamba Mwafrika alipewa mdundo na Mzungu akapewa kanuni. Kasumba hiyo imeingia hata madarasani. Kijana hodari wa hisabati, anapofika kwenye sura ya uwezekano, yaani hesabu ya mambo ambayo haijulikani kama yatatokea au hayatatokea, hukutana na dadu, na karata 52, na mipira myekundu na myeusi ndani ya mfuko usio na mwenyewe. Hukariri kanuni, hushinda mtihani, kisha hutoka akiamini kwamba jambo hilo halihusiani hata kidogo na mahali alipozaliwa.

Sisi twapinga. Twasema kwamba mwalimu wa hisabati aliye Tabora amesimama juu ya hazina ya mifano ambayo mwandishi wa kitabu chake hakuwa nayo, na kwamba kuiacha hazina hiyo si matokeo ya uhaba wa vifaa bali ni matokeo ya mawazo. Twasema pia, na hili ndilo lililotusukuma kushika kalamu, kwamba taifa lisilowafundisha vijana wake hesabu ya bahati huwaacha vijana hao mikononi mwa watu wanaoijua hesabu hiyo na kuiuza.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo misafara ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo na nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, mahali ambapo wageni wa kwanza kutoka Ulaya walipaandika kwa jina la Kazeh na ambapo leo ni Tabora. Kutoka hapo iliendelea magharibi hadi penye chumvi ya Uvinza, ikaishia Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi walikwisha kushuka pwani na pembe zao kabla Waarabu hawajajenga matembe Unyanyembe. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, baada ya kuwa njiani tangu Juni, hawakuwa wamegundua njia. Walikuwa wameongozwa katika njia ya wenyewe.

Kila aliyeingia katika njia hiyo aliingia na mambo asiyoyajua. Mvua zingechelewa na chakula kikosekane Ugogo. Ndui ingeingia kambini. Wapagazi wangeondoka usiku. Bei ya pembe ingeshuka Unguja kabla pembe hazijafika. Hata shanga zilikuwa fumbo. Mfanyabiashara alizinunua pwani hali hajui ni rangi gani itakayopendwa miezi kadhaa baadaye katika nchi atakazozipita, na shanga iliyokuwa fedha katika nchi hii iliweza kuwa mzigo wa bure katika nchi ile. Mtu aliyepanga mizigo yake Bagamoyo alikuwa akifanya hesabu ya uwezekano, atake asitake. Aliifanya kwa mazoea na kwa kuuliza waliotangulia, bila kalamu, lakini aliifanya.

Sasa tumtazame aliyeifanya vizuri kuliko wote. Huyo hakutembea. Alikaa Unguja, akakopesha. Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemkopesha hata Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, hakuwa na haja ya kujua kama msafara fulani utarudi. Tuchukue mfano wa kubuni, ili mwanafunzi aone mashine inavyozunguka. Tuseme msafara mmoja katika kila misafara 5 hupotea kabisa. Mtu aliyeweka mali yake yote katika msafara mmoja ana uwezekano wa moja kwa tano wa kuwa maskini. Mtu aliyeigawa mali ile ile mafungu 10 sawa, akaweka kila fungu katika msafara wake, atakuwa maskini kabisa ikiwa tu misafara yote 10 itapotea. Ikiwa misafara hiyo haitegemeani, twazidisha moja kwa tano mara kumi, nasi twapata moja kwa 9,765,625. Hasara yake ya wastani haikupungua. Kwa wastani bado atapoteza humusi moja ya mali yake. Kilichopungua ni hatari ya kufilisika. Jambo hilo moja, likieleweka barabara, lina faida kwa kijana kuliko kurusha sarafu mara mia.

Na mpagazi je? Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba frasila mbili kichwani au begani kwa ujira wa nguo, alikuwa na mwili mmoja na safari moja. Yeye hakuwa na mafungu kumi. Tajiri alipogawa hatari yake, hatari hiyo haikuyeyuka hewani: ilikaa juu ya watu wengi, kila mmoja akiwa na kipande chake kizima. Wala tusisahau waliokuwa chini zaidi ya mpagazi, watu waliofungwa na kupelekwa pwani kuuzwa, ambao katika daftari za wakopeshaji walihesabiwa upande wa bidhaa. Mwalimu atakayeifundisha hesabu ya misafara bila kuwataja hao atakuwa amefundisha nusu ya somo, tena nusu ya tajiri.

Hapa ndipo vitabu vyetu vinapotuangusha. Vitabu husema kwa upole, katika mstari mmoja, kwamba kuzidisha huko hufaa matukio yakiwa hayategemeani, kisha huendelea na mipira yao. Mwanafunzi huupita mstari huo kama apitavyo kijiwe barabarani. Lakini katika mwaka 1871, njia ya Unyanyembe iliandika maelezo ya mstari huo kwa damu. Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Tabora, wakapigana, naye akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Biashara ya pembe iliyumba kwa miaka kadhaa. Mwaka huo haikuwa msafara huu ukapotea na ule ukapona. Misafara yote iliyotaka kupita ilikabiliwa na mtu mmoja.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme mwaka mmoja katika miaka 10 njia hufungwa na misafara yote hupotea pamoja. Tajiri aliyedhani kwamba atafilisika mara moja katika takriban milioni kumi, sasa hatari yake ni zaidi kidogo ya moja kwa kumi. Tazameni tofauti hiyo! Hakukosea kuzidisha, alikosea kudhani. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na jirani zake kumi, wanaotegemea mvua ile ile na soko lile lile, wako katika hali hiyo hiyo leo, na chama cha ushirika kinachotaka kuwakopesha wote kwa dhamana ya mavuno yao chapaswa kuwa na mtu mmoja anayejua maana ya neno kutegemeana. Je, mtu huyo atatoka wapi, kama si katika shule?

Wakubwa wa dunia nao wameanguka katika shimo hili, tena juu ya njia hii hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu waliizunguka nchi kwa wiki chache mwaka 1946, wakaandika taarifa, na matingatinga yakafuata. Kongwa iko Ugogo, katika nchi ambayo kila kiongozi wa msafara aliijua kwa kiu yake. Mvua haikusoma taarifa. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na kiasi cha paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Miaka michache ya mvua si ushahidi wa kutosha kuhusu mvua. Hilo ni somo la uwezekano, nao waliokuja kutufundisha hawakulijua au hawakutaka kulijua. Twasema haya si kwa kuwacheka, bali kwa sababu mpaka leo wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba hesabu ikiandikwa na mgeni huwa imekwisha kuhakikiwa.

Mpaka hapa tumesema juu ya mvua, ndui na bei, mambo ambayo hayana nia. Lakini Mirambo alikuwa na nia. Mvua haikai ikifikiri wewe utafanya nini. Adui hukaa akifikiri. Mwaka ule wa 1871 kikosi cha Waarabu kilipokwenda kuishambulia Wilyankuru na kuiteka, Mirambo alitoka na watu wake, akajificha majanini kando ya njia, akawangojea washambuliaji warudi wakiwa wamelemewa na pembe na mateka. Alijua watarudi kwa njia gani kwa sababu alijua wana mizigo gani. Huyo hakuwa akicheza bahati. Alikuwa akihesabu mawazo ya mwenzake, na hesabu hiyo ndiyo inayoitwa leo nadharia ya michezo. Vyuo vikuu huifundisha kama jambo la karne ya ishirini: John von Neumann alithibitisha nguzo yake mwaka 1928, na mwaka 1944 akaandika pamoja na Oskar Morgenstern kitabu kikubwa juu yake. Uthibitisho ni wao, nao wastahili heshima. Tatizo lenyewe ni la kila aliyewahi kuwa na adui.

Tumpe mwanafunzi wetu tatizo hilo kwa sura ya nyumbani. Mfanyabiashara yuko Tabora, anataka kwenda Ujiji. Njia fupi hupitia Urambo, na akipita salama atapata faida ya frasila 60 za pembe. Njia ndefu huzunguka kusini kupitia Ukonongo, kama alivyozunguka Stanley mwaka ule ule akimtafuta Livingstone, na kwa kuwa gharama zake ni kubwa, akipita salama faida yake ni frasila 40. Mtemi ana jeshi moja tu. Huweza kulinda njia moja. Wakikutana, faida ni sifuri. Nambari ni za kubuni, bali njia ni za kweli. Mfanyabiashara apite wapi?

Wanafunzi wengi watajibu: apite njia fupi, maana ina faida kubwa. Basi mtemi, naye si mjinga, ataketi pale pale. Wengine watasema: apite njia ndefu. Mtemi akiwajua, atahamia huko. Wenye busara kidogo watasema achanganye nusu kwa nusu. Hapo mtemi akilinda njia fupi daima, mfanyabiashara atapata wastani wa frasila 20, yaani nusu ya 40. Lakini akipita njia fupi mara 2 katika safari 5, na njia ndefu mara 3, jambo la ajabu hutokea. Mtemi akilinda njia fupi, mfanyabiashara atapata sehemu 3 kwa 5 za 40, nazo ni 24. Mtemi akilinda njia ndefu, mfanyabiashara atapata sehemu 2 kwa 5 za 60, nazo pia ni 24. Mtemi afanye atakavyo, 24 hazimtoki. Tena tazameni: njia iliyo bora ndiyo apasayo kuipita mara chache zaidi, kwa sababu ndiko adui anakotazama. Hakuna kanuni ya kukariri itakayompa mwanafunzi mshangao huo. Lazima auhesabu kwa mkono wake.

Lakini afanyeje ili apite mara 2 katika 5 bila adui kujua ni lini? Akijipangia zamu, mpelelezi ataing'amua zamu hiyo. Dawa ni kuchukua kete 5, kuzitia 2 alama ya mkaa, kuzitia zote mfukoni, na asubuhi ya safari kutoa moja bila kutazama. Mpelelezi hawezi kuiba siri ambayo mwenye siri mwenyewe hajaijua.

Msomaji mwepesi wa kuunganisha mambo amekwisha kuwakumbuka waganga. Ni kweli kwamba viongozi wa misafara waliuliza ramli kuhusu siku ya kuondoka na njia ya kufuata. Ni kweli pia kwamba ramli, kwa namna inavyotupwa, huficha uamuzi kwa adui kama zinavyoficha kete zile. Lakini hapa twataka kutofautiana na ndugu zetu fulani, wapenzi wa utamaduni, ambao wakisikia neno hilo watasimama na kutangaza kwamba babu zetu walijua nadharia ya michezo kabla ya von Neumann. La hasha. Mpiga ramli hakusema mara 2 katika 5. Wala hakueleza kwa nini si nusu kwa nusu. Kumvika mzee vazi asilolishona si kumheshimu. Kasumba ya kujidharau na kasumba ya kujisifu ni mapacha: zote mbili humzuia kijana asikae chini kuhesabu.

Kosa hilo hilo hufanywa juu ya bao. Tumesoma na kusikia mara nyingi kwamba bao ni shule ya uwezekano. Si kweli. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na zote zi wazi mbele ya wachezaji wawili. Hata katika bao la Unguja, ambamo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, hapana anayemficha mwenzake kitu. Hakuna nasibu ndani yake. Bao hushinda akili zetu kwa kina chake tu, kama chungu ambacho mtu huona mdomo wake asione chini. Anayeshindwa bao hana wa kumlaumu, wala hawezi kusingizia dadu. Mwalimu Nyerere, aliyeingia shule ya Tabora mwaka 1937, alijulikana sana kwa kulipenda bao, nasi twaona haikuwa ajabu kwa mtu wa siasa. Mwanahisabati Ernst Zermelo aliandika mwaka 1913 juu ya sataranji, akachunguza nini chaweza kuthibitishwa kuhusu mchezo usio na siri wala bahati. Kijana wa Tabora aliyekaa barazani na wazee amekwisha kujua nusu ya fikra ile kwa vidole: nikila hapa atapanda pale, akipanda pale nitakula nyumba yake. Ndiyo maana twasema bao lifundishwe, lakini lifundishwe kwa jina lake.

Bao halifichi kitu. Kete za mfukoni huficha kwa wote. Lakini iko michezo inayomficha mmoja tu, na hiyo ndiyo inayowala watu wetu. Nani hajaona karata tatu katika stendi? Kijana ateremkaye garini na nauli ya kurudia nyumbani huambiwa aweke dau la shilingi 1,000, achague karata moja kati ya tatu, akipatia aongezwe 1,000. Hata mchezo ungekuwa wa haki, uwezekano wake ni thuluthi. Katika michezo 30 atapatia kama 10 na kukosa 20, na shilingi 10,000 zitakuwa zimekwenda. Basi ni lazima mchezo usiwe wa haki ndipo apoteze? Mwenye karata haitaji hata kudanganya; hudanganya kwa haraka tu.

Na leo karata tatu imevaa suti. Imehamia katika maduka yenye taa na katika simu ya kila mwanafunzi, nayo inaitwa ubashiri wa michezo. Vijana hutandika mikeka: huchagua mechi 10, na kila moja huonekana rahisi. Tuseme kijana ni mjuzi kweli kweli, na katika kila mechi hupatia mara 7 katika 10. Ili mkeka wake ulipwe, lazima zote 10 zipatie. Twazidisha 7 kwa 10 mara kumi: hupatia chini ya mara 3 katika mikeka 100. Msomaji akumbuke tajiri wa Unguja. Hesabu ni ile ile, imepinduliwa juu chini. Tajiri alijipanga hivi kwamba ili aangamie, misafara yote 10 lazima ipotee. Kijana wetu amejipanga hivi kwamba ili aokoke, mechi zote 10 lazima zimtii. Zana moja ya akili ilimwinua yule na inamzika huyu, na tofauti kati yao ni kwamba yule aliijua.

Wala hapo hatujafika kwenye ujanja wenyewe. Tuseme mwenye duka, katika bei ya kila mechi, hujikatia 5 katika kila 100. Ni kidogo, nani atalalamika? Lakini mkeka huzidisha mechi, hivyo huzidisha na makato. Sehemu 95 kwa 100, ikizidishwa mara kumi, huacha karibu 60. Makato ya 5 yamekuwa makato ya 40, na hakuna mahali popote yalipoandikwa. Ndiyo sababu mikeka mirefu hutangazwa kwa sauti kubwa na picha za washindi. Twauliza: ni somo gani la siasa, la uraia au la dini linaloweza kumwonyesha kijana jambo hili waziwazi kama zidisho hilo moja? Mahubiri humwambia acha. Hesabu humwonyesha mkono ulio mfukoni mwake.

Wako watakaosema kwamba kufundisha mambo ya dau na karata ni kufundisha kamari, na kwamba dini zetu zimeikataza. Twaheshimu hoja hiyo, lakini mganga wa hospitali husoma sumu ili aiponye, na hapana aliyemwita mchawi. Hesabu hii ilianza hasa kwa swali la wacheza kamari, ambalo Pascal na Fermat waliandikiana barua juu yake mwaka 1654: mchezo ukivunjika katikati, dau ligawanywe vipi? Swali hilo ni la haki, tena ni la mahakama. Msafara ukivunjika Ugogo katikati ya safari, mpagazi alipwe nini? Wapagazi waliijua haki hiyo, na walijua pia kwamba mmoja akigoma hupigwa, wote wakigoma msafara hulala hapo hapo. Watemi wa Ugogo nao, walipodai hongo, waliketi juu ya visima vyao wakaacha siku zipite. Kila siku ya mabishano ilikula posho ya msafara, wala haikula ya mtemi. Mwenye kuweza kungoja ndiye mwenye bei. John Nash aliandika juu ya mapatano ya namna hiyo mwaka 1950.

Hoja ya lugha ndiyo hutuudhi zaidi. Twaambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia elimu kama hii katika sekondari, kwa hiyo mwanafunzi ajifunze uwezekano kwa Kiingereza, hata ikiwa nusu ya jitihada yake itakwisha katika kuelewa swali. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini katika njia ya Unyanyembe watu walikopeshana, wakagawana faida na wakadaiana kwa Kiswahili kwa vizazi. Tippu Tip alipoandika maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, na kurasa zake zimejaa frasila, bei na madeni. Lugha hii ina nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumni na ushuri. Ina nasibu, ina dau, ina kura, ina matarajio. Uwezekano wa thumni husikika masikioni kuliko maneno mengi yanayokaririwa ubaoni leo. Kama walimu wa hisabati hawayatumii maneno hayo, ni kwa sababu nao hawakufundishwa kwayo, na duara hilo halitakatika lenyewe.

Wa mwisho ni yule mwalimu mwaminifu asemaye: nafasi haipo, mihtasari imejaa, na mtihani hautauliza habari za Mirambo. Kwake twajibu kwa staha, kwa kuwa shida zake ni za kweli. Kwa miaka mingi mihtasari yetu imeweka uwezekano mwishoni, katika kidato cha nne, wakati mwanafunzi amekwisha kuchoka na mwalimu anakimbizana na kalenda. Lakini katika kidato hicho hicho mwanafunzi amefundishwa kuchora mistari ya mipaka na kutafuta pembe yenye faida kubwa kuliko zote. Von Neumann mwenyewe aliona kwamba mchezo wa watu wawili, ambamo apatacho huyu ndicho akosacho yule, hufumbuliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwanafunzi wa shule za vipaji maalumu, kama zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana, yuko hatua moja tu kutoka hapo, na anaachwa asimame. Achore mistari miwili, mmoja wa mtemi aliye njia fupi na mwingine wa mtemi aliye njia ndefu. Mahali inapokatana ni mara 2 katika 5, na urefu wake ni 24. Kisha abadili faida ya Ukonongo iwe 50, aone mistari inakohamia, na aeleze kwa Kiswahili kwa nini mtemi naye amehama. Kazi hiyo yahitaji vipindi viwili, mfuko mmoja na kete tano.